Kufunga Bweni Kasese na Bwera: Mzigo Unaohamia Nyumbani na Njiani

Shule ya bweni ni ile ambayo mwanafunzi hulala, hula na kusoma ndani ya ua wake kwa muhula mzima, na shule ya kutwa ni ile ambayo mwanafunzi hufika asubuhi na kurejea kwao jioni. Tofauti hiyo, ambayo huonekana ndogo ikitajwa kwa maneno, ndiyo inayoamua nani amlishe mtoto, nani amlinde usiku, nani amwashie taa anapodurusu, na nani agharamie yote hayo. Katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, na hasa katika mji wa Bwera na jirani yake Mpondwe-Lhubiriha ulioko mpakani na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uamuzi wa kuacha kulaza watoto na kubaki na masomo ya kutwa peke yake hugusa usalama wa watoto, mapato ya shule na maisha ya kila siku ya kaya za mlimani. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba bweni likifungwa, kazi zilizokuwa zikifanyika humo hazifutiki, kwani huhamia nyumbani, njiani na mfukoni mwa mzazi, na kwa sababu hiyo shule inayofunga bweni bila kupima kwanza njia, chakula cha mchana na muda wa masomo huwa imebadilisha tu mahali pa hatari.

Tukio lililoufanya mjadala huu kuwa wa lazima katika eneo hili lilitokea usiku wa tarehe 16 Juni 2023, pale wapiganaji wa kundi la ADF, yaani waasi wenye asili ya Uganda ambao wamejichimbia mashariki mwa Kongo kwa muda mrefu, walipoivamia Shule ya Sekondari ya Mpondwe Lhubiriha, shule ya binafsi iliyoko takriban kilomita 2 kutoka mpakani. Zaidi ya watu 40 waliuawa, 37 kati yao wakiwa wanafunzi, na wengine walitekwa na kupelekwa upande wa Hifadhi ya Virunga, ndani ya Kongo. Wavulana waliojifungia ndani ya bweni lao walichomwa moto humo humo, na wasichana waliotoka wakikimbia walikutana na mapanga. Ghala la chakula la shule liliporwa, na waliotekwa ndio waliobebeshwa mizigo. Msiba huo haupaswi kutajwa harakaharaka kama mfano mmoja miongoni mwa mifano, kwa maana umeacha kaya za Bwera na vijiji vyake zikiwa na watoto waliozikwa bila hata kutambulika kwa sura, na mzazi yeyote wa eneo hilo anayeulizwa leo kuhusu bweni hujibu akiwa na usiku ule moyoni.

Hata hivyo, hatari yenyewe haikuanza mwaka 2023. Shambulio la kwanza kubwa la ADF ndani ya Uganda lilifanyika Mpondwe penyewe mnamo Novemba 1996, na vita vilivyofuata katika miteremko ya Rwenzori viliwakimbiza maelfu ya wakulima kutoka mashamba yao hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tarehe 8 Juni 1998 wapiganaji wa kundi hilohilo walikiingilia Chuo cha Ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, wakachoma mabweni na kuua wanafunzi wapatao 80, huku wengine wengi wakitekwa. Chini ya miaka miwili kabla ya hapo, mnamo Oktoba 1996, waasi wa Lord's Resistance Army walikuwa wamewateka wasichana 139 kutoka bweni la Chuo cha Mtakatifu Maria cha Aboke, kaskazini mwa nchi, na 109 kati yao walirudishwa tu kwa sababu mtawa Rachele Fassera aliwafuata watekaji porini kuwadai. Mashambulio ya Aboke, Kichwamba na lile la Mpondwe la mwaka 2023 yanafanana kwa jambo moja ambalo wapangaji wa elimu wamechelewa kulitamka wazi: bweni huwakusanya vijana wengi mahali panapojulikana, kwa saa zinazojulikana, wakiwa wamelala, na karibu yao kuna ghala la unga na maharagwe ambalo kundi lenye njaa linaweza kulihesabu kutoka mbali.

Hapa ndipo panapojitokeza mgongano ambao hauna suluhisho rahisi, nao unahusu mlango. Baada ya moto wa Aprili 2008 katika shule ya msingi ya Budo Junior, uliowaua watu wapatao 20, wengi wao wasichana wadogo, na baada ya moto wa Oktoba 2022 katika Shule ya Wasioona ya Salama, wilayani Mukono, uliowaua watu 11, agizo la wataalamu limekuwa ni kwamba bweni lisifungwe kwa kufuli nje, madirisha yasiwe na nondo, na milango ifunguke kwa kusukumwa kutoka ndani. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 unataja hata vipimo, kwa kutaka mlango wa bweni uwe na upana usiopungua futi 5 na nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, ingawa Kenya yenyewe iliwapoteza wavulana 21 katika moto wa Hillside Endarasha Academy, kaunti ya Nyeri, mnamo Septemba 2024. Mwalimu mkuu wa mpakani anayesoma maagizo hayo huyaelewa vizuri, lakini pia anajua kwamba dirisha lisilo na nondo na mlango usio na komeo imara humwachia njia mtu mwenye panga. Nondo zinazomzuia mshambuliaji ndizo zinazomzuia mtoto kutoka wakati wa moto, na wavulana wa Mpondwe walikufa kati ya hatari hizo mbili, mlango wao ukiwa umefungwa kwa ajili ya moja na ya pili ikiwa imewashwa juu yao. Bweni lililo karibu na mpaka usiotulia linahitaji kuta, walinzi wenye mafunzo, maji, mawasiliano na askari wa kufika kwa dakika chache, na shule ya kawaida ya binafsi, yenye vitanda vya ghorofa tatu vilivyobanana ili karo itoshe kulipa mishahara, haina uwezo wa kuvipata vyote kwa pamoja.

Ikiwa hali ni hiyo, ni haki kuuliza kwa nini wazazi wa Kasese wameendelea kulipenda bweni, na jibu lake haliko katika ushamba wala katika kuiga wenye nacho. Elimu ya sekondari ya Uganda ilijengwa na wamisionari juu ya msingi wa bweni, kuanzia Namilyango mwaka 1902 na Budo mwaka 1906 hadi Nyakasura, karibu na Fort Portal, mwaka 1926, na mzazi alijifunza kuhusisha kufaulu na kulala shuleni. Kwa Wakonzo, wenyeji wa miteremko ya Rwenzori ambao kwa miongo mingi walitawaliwa kupitia ufalme wa Toro, kunyimwa nafasi za shule kulikuwa mojawapo ya manung'uniko yaliyozaa harakati ya Rwenzururu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwa hiyo kitanda cha shule kilichukuliwa kuwa haki iliyochelewa kupatikana. Juu ya historia hiyo kuna ardhi yenyewe. Nyumba nyingi za Wakonzo ziko juu ya vilima, katikati ya migomba na mibuni, ilhali shule za sekondari ziko chini, kando ya barabara na masoko. Mito kama Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha hushuka kwa kasi kutoka mlimani, na mafuriko ya Mei 2013 na ya Mei 2020 yaliharibu madaraja, nyumba na majengo ya umma kwa kiwango ambacho njia ya mtoto ya juzi ilikuwa imetoweka kesho yake. Barabara inayotoka Kasese mjini, ikapita Kikorongo na kuelekea Bwera, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambamo tembo na nyati huvuka barabara bila kujali ratiba ya shule, na ambamo mnamo Oktoba 2023 watalii wawili na mwongozaji wao waliuawa na waasi wa ADF.

Mbali na hayo, sera ya taifa iliyapanua madarasa lakini haikuigharamia safari ya mtoto wala usiku wake. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulioanza mwaka 1997 uliongeza idadi ya wanafunzi wa shule za msingi kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja, na mpango kama huo kwa sekondari ulianza mwaka 2007. Katika mipango yote miwili ruzuku ya serikali, yaani kiasi kinachotolewa kwa kila mwanafunzi, hulipia ufundishaji na uendeshaji, huku gharama za bweni zikibaki kwa mzazi. Matokeo yake ni kwamba bweni liligeuka kuwa bidhaa ambayo shule huuza ili kujazia pengo la ruzuku au, kwa shule za binafsi, kulipia karibu kila kitu, na ndiyo maana shule inayotangaza kwamba sasa itakuwa ya kutwa tu huwa imetangaza pia, hata kama haisemi, kwamba itaishi kwa fedha kidogo zaidi.

Mzigo unaohama huonekana vizuri zaidi ukifuatwa siku moja ya mwanafunzi wa kutwa anayeishi kilimani juu ya Bwera. Kasese iko karibu na ukingo wa magharibi wa nchi zinazotumia saa ya Afrika Mashariki, na kwa hiyo jua huchomoza karibu saa moja kamili asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, tofauti na Mombasa ambako saa kumi na mbili na nusu tayari kuna mwanga wa kutosha. Mtoto anayetakiwa kuwa darasani saa moja kwa ajili ya masomo ya ziada ya alfajiri, kama ilivyo desturi ya shule nyingi za Uganda, hulazimika kutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, gizani kabisa, viatu mkononi kwa sababu ya utelezi, akishuka vijia vya kahawa ambavyo mvua ya usiku imevifanya vijito. Akifika chini sare imelowa hadi magotini, na bado hajanywa chai. Jioni hali ni tofauti, kwa sababu mwanga hubaki muda mrefu, lakini anayepanda mlima tumbo likiwa tupu hufika akiwa amechoka, na hapo humsubiri mtungi wa maji, kuni, ndugu wadogo na, penye bahati, taa ndogo ya sola inayogombaniwa na watoto watatu. Msichana ana kazi nyingi zaidi ya kaka yake, na njiani ana hatari ambazo kaka yake hazijui, kuanzia dereva wa bodaboda anayejitolea kumbeba bure hadi mtu mzima anayemsubiri penye kona isiyo na nyumba. Bweni lilimwepusha na mengi ya hayo, na anayelifunga anapaswa kuyataja kwa majina badala ya kusema tu kwamba mtoto sasa atakaa na wazazi wake.

Tanzania ina fundisho katika jambo hili ambalo Uganda ingefaidika kulitazama kwa makini. Kuanzia mwaka 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, zilijengwa shule za kata kwa maelfu, zikiwa za kutwa, kwa matumaini kwamba kila mtoto angepata sekondari karibu na kwao. Lakini kata nyingi ni kubwa, na wanafunzi walioona kilomita zimewashinda walianza kupanga vyumba karibu na shule, vile vinavyoitwa mageto, ambamo watoto wa miaka 14 na 15 walijipikia, walijilinda na walijitawala wenyewe. Mimba na utoro viliwaandama, na wanavijiji katika sehemu nyingi walilazimika kuchangishana matofali na mabati ili kujenga hosteli katika shule zilizokusudiwa kuwa za kutwa. Chumba cha kupanga ni bweni lisilo na matroni, lisilo na kengele na lisilo na daftari la mahudhurio, na shule ya Bwera inayofunga mabweni yake bila kuuliza kila mwanafunzi atalala wapi, kwa nani na umbali gani, itakuta baada ya muhula mmoja kwamba watoto wake wametawanyika katika vyumba vya nyuma ya soko la Mpondwe, mahali ambapo malori ya mpakani hulala na pombe huuzwa usiku kucha. Hatua ya kwanza ya mageuzi, kwa hiyo, inapaswa kuwa orodha: jina la kila mwanafunzi wa bweni, kijiji chake, mto anaovuka, na dakika anazotembea wakati wa mvua.

Hatua inayofuata ni chakula cha mchana, na hapa sheria iko wazi kuliko utekelezaji wake. Sheria ya Elimu ya Uganda ya mwaka 2008 inaweka juu ya mzazi au mlezi wajibu wa kumpatia mtoto chakula, mavazi, malazi, matibabu na usafiri, na kwa hiyo shule ya serikali haina fungu la kulisha. Katika shule ya bweni wajibu huo ulifichwa ndani ya karo, kwa kuwa mzazi alilipa mara moja, mara nyingi baada ya kuuza kahawa, au alileta gunia la mahindi na debe la maharagwe likapokelewa badala ya fedha. Katika shule ya kutwa wajibu huo hugawanyika kuwa uamuzi wa kila siku, na kaya isiyo na kitu siku hiyo humpeleka mtoto bila kitu. Shule nyingi zimejaribu kumwachia kila mtoto abebe chakula chake, na matokeo yake ni kwamba anayekuja na kopo tupu hujificha nyuma ya darasa saa ya kula, au haji kabisa. Njia inayofaa zaidi ni kulibakiza jiko la bweni likiwa hai hata vitanda vikiondolewa, kwa kupika uji wa asubuhi na posho, yaani ugali wa mahindi, na maharagwe ya mchana kwa wote, na kuendelea kupokea mahindi msimu wa mavuno kwa kipimo ambacho kikao cha wazazi kimekubaliana. Wapishi hubaki na kazi, wakulima wa jirani hubaki na soko, na jiko, ambalo gharama yake ya ujenzi imeshalipwa, haligeuki kuwa banda la kuku.

Kuhusu masomo yenyewe, hofu ya wazazi kwamba shule ya kutwa hushusha matokeo ina msingi, lakini msingi huo umepungua nguvu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza kutumika Uganda mwaka 2020 ulipunguza mzigo wa vipindi na kuipa kazi ya mwanafunzi ya mwaka mzima sehemu ya alama za mwisho, asilimia 20, mtihani ukibaki na asilimia 80, na lengo lake lilikuwa kumpa mwanafunzi muda wa miradi na mazoezi nje ya darasa. Mtaala wa aina hiyo unaifaa shule ya kutwa ambayo miradi yake ni shamba la kahawa, ufugaji wa nyuki au kisima cha kijiji, mradi tu walimu wakubali kuacha desturi ya kuwarundikia watoto masomo ya alfajiri na ya usiku. Kwa eneo lenye saa ya jua kama ya Kasese, ratiba ya busara ni kuanza saa mbili asubuhi, kumaliza vipindi alasiri, kisha kuacha saa moja au zaidi ya kudurusu shuleni wakati mwanga ungalipo na mwalimu wa zamu akiwepo, ili mtoto afike nyumbani kabla ya giza akiwa tayari amemaliza kazi yake. Saa hiyo ya jioni ndiyo inayochukua nafasi ya prepo, yaani kudurusu kwa usiku bwenini, na inahitaji kulipiwa waziwazi, kwa sababu mwalimu aliyekuwa akilipwa posho ya usimamizi wa bweni hataifanya kazi hiyo kwa mapenzi tu.

Mpangilio wa kufunga nao una uzito wake. Tanzania ilipiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne kuanzia Machi 2023, na Kenya ilitangaza Januari mwaka huohuo nia ya kuliondoa bweni kuanzia darasa la kwanza hadi la tisa. Nchi zote mbili zililenga wadogo kwanza, na sababu yake ni ya kibinadamu, kwani mtoto wa miaka 7 anahitaji mkono wa mama kuliko anavyohitaji mtihani wa majaribio. Kwa Kasese inafaa kufuata njia hiyo, kwa kufunga kwanza mabweni ya madarasa ya chini ya shule za msingi, mwanzoni mwa mwaka wa masomo mnamo Februari na si katikati yake, na kuwaacha watahiniwa wa darasa la saba na wa kidato cha nne wamalizie mwaka wao, kwa kuwa usajili wa Baraza la Mitihani la Taifa hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani na mwanafunzi aliyehamishwa baada ya hapo hupoteza kituo chake. Karibu na mpaka, ambako hatari ya usiku ni kubwa kuliko hatari ya njia, subira hiyo ya watahiniwa haina budi kuwa fupi na iambatane na ulinzi wa dola, ama wahamishiwe shule ya bweni iliyoko ndani zaidi, mbali na mpaka, kwa gharama ambayo serikali, na si mzazi aliyefiwa, inapaswa kuibeba.

Linabaki kundi ambalo orodha za wilaya huliruka. Watoto kutoka upande wa Kasindi, ng'ambo ya mpaka, wamezoea kusoma Bwera na Mpondwe, kwa sababu wana ndugu huko, kwa sababu Wanande wa Kongo na Wakonzo wa Uganda ni jamaa wenye lugha zinazoelewana, na kwa sababu vita vya Kivu Kaskazini vimefunga shule nyingi za kwao. Kwa baadhi yao bweni lilikuwa makao halisi ya muhula mzima, na shule ikiwa ya kutwa watalazimika kuvuka mpaka mara mbili kwa siku, mpaka ambao uliwekewa vipimo vya joto na maji ya kunawia kwa sababu ya Ebola ya Kongo, ambayo mwaka 2019 ilimuua katika hospitali ya Bwera mtoto wa miaka 5 aliyetoka huko, na ambao vyombo vya ulinzi huutazama kwa jicho kali zaidi tangu 2023. Kuna walioko Bwera wanaoweza kuwapokea, yaani shangazi, wajomba na makanisa, lakini kupokewa huko kunahitaji kuandikwa, kwa jina la mtoto, jina la mwenyeji wake na sahihi ya mwenyekiti wa kijiji, kabla kitanda cha mwisho hakijatolewa bwenini; la sivyo watakuwa wa kwanza kupanga chumba nyuma ya soko, na wa kwanza kukosekana darasani bila mtu wa kuwauliza walipo.